MAMA WA MLIMANI NA MAMA WA NYIKANI: SOMO LA UZAZI SALAMA MERU NA EMBU

Katika gazeti letu la mwaka huu, wenzangu wa Chama cha Kiswahili wamewaletea mashairi, vitendawili na hadithi tamu tamu. Mimi nimeonelea niwaletee somo. Tafadhali msiruke ukurasa huu mkisema, "Ah, hayo ni mambo ya akina mama." Mimi ni mvulana, na hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo mpaka Aprili mwaka jana.

Usiku mmoja wa mwezi huo mvua ilinyesha kama iliyofunguliwa mfereji. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, alishikwa na uchungu saa tatu usiku. Sisi tunakaa pande za chini za Embu, kule Mbeere. Nyanya akasema, "Mtoto wa kwanza hana haraka. Ngojeni kupambazuke." Tukangoja. Ilipofika saa nane mambo yalikuwa yamezidi, baba akatoka kutafuta boda boda. Wa kwanza alikataa katakata kwa sababu ya kijito kilicho njiani, ambacho wakati wa kiangazi hakina hata tone la maji, lakini usiku ule kilikuwa kinanguruma. Wa pili alikubali. Mimi nilitangulia na tochi nikipima maji kwa fimbo.

Tulifika zahanati alfajiri. Mtoto akazaliwa salama, msichana. Tukashangilia. Kumbe bado! Damu ya dada ilikataa kukoma. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake. Alimdunga sindano, akamkanda tumbo, akapiga simu ili gari la wagonjwa lije. Tulingoja gari hilo huku mama akiomba kwa sauti na baba akitazama barabara. Hatimaye dada alifikishwa katika hospitali kubwa akaongezewa painti mbili za damu. Leo yu hai, na yule mtoto anatembea akishika ukuta.

Juma lilo hilo mke wa mjomba wangu, anayekaa juu ya Runyenjes kwenye mashamba ya majani chai, alijifungua pia. Alipanda matatu kwenye lami, akafika hospitalini, na siku ya pili jioni alikuwa kwake akinywa uji. Nikajiuliza: je, hawa wawili si wakaazi wa kaunti moja? Kwa nini mmoja aende kujifungua kama aendaye sokoni, na mwingine apite kwenye tundu la sindano? Swali hilo ndilo somo letu la leo.

1. MAANA YA UZAZI SALAMA

Uzazi salama ni hali ya mama kupata mimba akiwa tayari, kuibeba akiwa na afya, kujifungua mikononi mwa mtu aliyesomea kazi hiyo, na kurudi nyumbani yeye na mtoto wake wakiwa hai. Yapasa tujivunie kidogo, kwa maana mkutano mkubwa wa kimataifa ulioanzisha kampeni ya Uzazi Salama duniani ulifanyika papa hapa Kenya, jijini Nairobi, mwezi wa Februari 1987.

Aidha, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya, ikiwemo huduma ya afya ya uzazi. Angalieni neno hilo "kila mtu". Katiba haisemi kila mtu anayekaa karibu na lami.

Sasa tutazame hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini, akina mama 362 walikufa kwa sababu za uzazi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitoa kiasi cha 355. Shabaha ya dunia ni kufikia chini ya 70 ifikapo mwaka 2030. Kwa hivyo safari bado ni ndefu.

2. NI NINI KINACHOWAUA AKINA MAMA?

Watu wengine husema ni bahati mbaya au ni kurogwa. La hasha! Sababu zenyewe zinajulikana. Kuna kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kuna shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huweza kuleta kifafa cha uzazi. Kuna uchungu unaokwama kwa kuwa njia ya mtoto ni nyembamba au mtoto amelala vibaya. Kuna maambukizi ya viini, na kuna mimba zinazotolewa kwa njia za hatari.

Katika hizi zote, damu ndiyo adui mkubwa zaidi. Wataalamu waliwahi kuchunguza kwa siri vifo 484 vya akina mama vilivyotokea katika hospitali za Kenya mwaka 2014. Karibu mama 4 katika kila 10 walikuwa wamekufa kwa kuvuja damu. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba katika vifo 9 kati ya kila 10, huduma aliyopewa mama haikufikia kiwango kinachotakiwa. Maana yake ni kwamba wengi wao walifika hospitalini, na bado wakafa.

Mama anayevuja damu nyingi anaweza kufariki katika muda wa saa mbili tu. Huo ni muda wa mtihani mmoja wa Kiswahili. Kwa hivyo, wapenzi wasomaji, tofauti kati ya dada yangu na mke wa mjomba si ya bahati. Ni tofauti ya dakika.

3. KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hufa kwa sababu ya kuchelewa, na kuchelewa kwenyewe ni kwa namna tatu. Nilipolisoma jambo hili niliona kama wameandika juu ya usiku ule wa kwetu.

(a) Kuchelewa nyumbani. Huku ni kuchelewa kuamua. Nyanya yangu si mtu mbaya. Alizaa watoto wake nyumbani, na uzoefu ndio shule yake. Hata hivyo, uchungu ukianza si wakati wa kuanza mashauri. Sababu nyingine ni kutojua dalili za hatari: kuumwa na kichwa kusikoisha, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Pia kuna nyumba ambazo mke hawezi kutoka mpaka mume au mama mkwe aseme ndiyo.

Na kuna pesa. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba akina mama wajifungue bila malipo katika hospitali za umma. Mwaka 2016 ukaja mpango wa Linda Mama. Kisha Oktoba 2024 ile bima ya NHIF ikaondolewa, na mahali pake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Jamaa zisizo na mshahara hupimiwa mchango kulingana na mapato yao, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tatizo ni kwamba watu wengi hujiandikisha mgonjwa akiwa tayari kitandani. Heri kujiandikisha mapema, kwani usiposhona mwanya utakuja kujenga ukuta.

(b) Kuchelewa njiani. Somo la Jiografia linatusaidia hapa. Mito inayotoka Mlima Kenya imekata nchi yetu kuwa migongo na mabonde. Barabara ya lami kutoka Embu hadi Meru imepita upande wa juu, ikishika Runyenjes, Chuka na Nkubu, na hospitali nyingi kubwa ziko kwenye mstari huo huo. Huko juu kuna chai, kahawa na mvua ya kutosha. Kadiri unavyoteremka kwenda Siakago, Kiritiri na Ishiara kwa upande wa Embu, au pande kavu za Tigania na Igembe kwa upande wa Meru, ndivyo nyumba zinavyotawanyika na lami inavyokuwa adimu. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, boda boda anateleza kama samaki, na nani awezaye kumlaumu?

(c) Kuchelewa ndani ya hospitali. Mama amefika, lakini je, amekuta nini? Ile sindano ya oksitosini inayosaidia mfuko wa uzazi kujikaza inatakiwa kuwekwa mahali pa baridi. Zahanati isiyo na stima ya kuaminika itaiwekaje? Muuguzi mmoja atawahudumia wangapi usiku? Je, daktari wa upasuaji yuko? Je, damu ipo?

Zamani kuchelewa kwa kwanza na kwa pili ndiko kulikoongoza. Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2014, watoto 62 katika kila 100 nchini walizaliwa mikononi mwa mtaalamu. Mwaka 2022 walikuwa 89. Hayo ni maendeleo makubwa! Lakini kama mama wengi sasa wanafika na vifo havipungui kwa mwendo ule ule, basi ni lazima tutazame zaidi kile wanachokikuta huko. Kumwambia mama "nenda hospitali" ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha hospitali iko tayari kumpokea.

4. FUNZO KUTOKA CHOGORIA

Msidhani kwamba tofauti hizi haziwezi kupunguzwa. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa mwaka 1922 na Dkt. Archibald Irvine, leo iko Kaunti ya Tharaka Nithi, lakini katika miaka ya 1980 eneo hilo lilikuwa bado ndani ya wilaya ya Meru. Wakati huo hospitali hiyo haikukaa ikingoja watu waje. Ilifungua zahanati ndogo ndogo vijijini, ikafundisha watu wa kujitolea kutoka vijiji vyenyewe, nao wakapeleka elimu ya kupanga uzazi mlango kwa mlango. Kufikia katikati ya miaka hiyo, kiasi cha wanandoa waliokuwa wakipanga uzazi katika eneo hilo kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha nchi nzima. Watu walikuwa wale wale na mlima ule ule. Kilichobadilika ni kwamba huduma ilishuka mlima ikamfuata mama.

Mpango kama huo umerudi kwa njia nyingine. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakipewa mikoba yenye vifaa kama kipimo cha shinikizo la damu. Ukimwona mama au mzee wa kijiji chenu na mkoba huo, msimcheke. Anaweza kugundua kifafa cha uzazi kabla hakijagonga mlango.

5. WASTANI UNAFICHA MENGI

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Embu iliongoza Kenya nzima katika kupanga uzazi: wanawake 75 katika kila 100 walioolewa walitumia njia za kisasa. Huko Mandera walikuwa 2 tu. Basi watu wa Embu tupige makofi? Tupige, lakini polepole. Muhula uliopita darasa letu lilipata wastani mzuri katika Hisabati, lakini rafiki yangu aliyepata alama 19 hakuweza kula wastani. Vivyo hivyo wastani wa Embu unamchanganya mama wa Manyatta na mama wa Kiambere kana kwamba wanakaa nyumba moja.

Tena utafiti huo huo ulionyesha jambo linalotugusa sisi wanafunzi. Katika Kaunti ya Meru, wasichana 24 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 15, na Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima huu huu, walikuwa 5. Hao ni wasichana wa rika letu! Mwili wa msichana mdogo haujakomaa, kwa hivyo hatari ya uchungu kukwama na kifafa cha uzazi ni kubwa kwake. Isitoshe, wengi huficha mimba kwa kuogopa aibu, na kliniki huanza kwenda mwezi wa sita au wa saba, ilhali yafaa waanze kabla ya wiki ya 12. Shule ikimcheka na nyumbani akifukuzwa, tumemwongezea kuchelewa kwa namna ya nne. Tangu mwaka 1994 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Basi akirudi darasani, tumwazime madaftari, tusimpe majina ya utani. Na sisi wavulana tukumbuke kwamba mimba haiji na upepo.

6. DAMU: MAHALI AMBAPO SISI TUNAHITAJIKA

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga waliwekewa chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho. Damu ikifika kwenye alama ya hatari, walitoa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60! Kifaa chenyewe si mashine ya mamilioni. Ni plastiki, alama na haraka.

Hata hivyo, damu iliyokwisha kumwagika hairudishwi na plastiki. Ni lazima itoke kwa mtu mwingine. Hakuna kiwanda cha damu popote duniani. Kwa bahati nzuri Embu ni mojawapo ya miji iliyowekewa kituo cha damu cha kanda. Lakini kituo bila watoaji ni ghala bila mahindi. Damu huhifadhiwa kwa siku 35 hivi tu, na kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari ndio wamekuwa tegemeo kubwa la watoaji nchini. Ndiyo sababu tunapofunga shule, akiba ya damu nayo hupungua. Akina mama, lakini, hawana likizo ya kuzaa.

Watoaji damu walipokuja shuleni mwetu muhula wa pili, nilisikia mengi. Mmoja alisema, "Ati damu yetu huuzwa!" Mwingine akasema akitoa hataweza kucheza mpira tena. Wengine walijificha nyuma ya jiko mpaka gari likaondoka. Katika darasa letu tulipanga foleni watu kumi na mmoja tu. Miezi michache kabla ya hapo labda nami ningekuwa nyuma ya jiko.

Ukweli ni huu. Mtu wa miaka 16 hadi 65, mwenye afya na uzani wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu. Huchukuliwa kama painti moja, na mwili huirudisha wenyewe. Damu hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya aina ya B na C, na kaswende. Mimi nilikuwa na kilo 52. Nilihisi sindano, nikapewa soda na biskuti, na siku ya tatu nilikuwa uwanjani. Sijui damu yangu ilikwenda kwa nani. Wala yule aliyempa dada yangu damu hajui kwamba kuna mtoto mmoja Mbeere ambaye ana mama kwa sababu yake.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, mwanafunzi mwenye mama, dada au shangazi mjamzito nyumbani amuulize mambo matatu: Umeanza kliniki? Umejiandikisha SHA? Usiku ukishikwa, ni boda boda gani tutampigia simu? Nambari hiyo iandikwe ukutani.

Pili, tuwaheshimu wakunga wa jadi, lakini kazi yao ya leo iwe kumsindikiza mama hadi hospitalini, si kumzuia.

Tatu, viongozi wa kaunti zetu wakija kwenye michezo na sherehe, tuwaulize kwa adabu: zahanati ya chini ina stima? Gari la wagonjwa hulala wapi? Tangu mwaka 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, kwa hivyo majibu hayako mbali.

Nne, gari la damu likija tena, tusijifiche.

Nyanya yangu sasa amebadilika. Juzi jirani yetu aliposhikwa na uchungu, yeye ndiye aliyegonga dirisha letu akiita, "Mjukuu wangu, amka! Lete tochi, tusingoje kupambazuke." Naomba na nyinyi msingoje.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza namna tatu za kuchelewa. Katika kijiji chenu, ni ipi inayoongoza?
2. Kwa nini wastani wa kaunti unaweza kuficha shida ya watu wachache?
3. "Hayo ni mambo ya akina mama." Pinga kauli hii kwa hoja nne.

MSAMIATI

Kifafa cha uzazi: ugonjwa wa kutetemeka na kupoteza fahamu unaompata mama mwenye shinikizo kubwa la damu.
Oksitosini: dawa ya kusaidia mfuko wa uzazi kujikaza ili damu ikome.
Zahanati: kituo kidogo cha matibabu.